Wabatak wa Sumatra: Asili Yao na Historia Yao ya Kale

 Leo tunaelekea mashariki ya mbali, katika milima ya kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, kuwatazama watu wanaojulikana kwa jina la Wabatak. Huenda wengi wenu mnalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, ikiwa mmewahi kuhudhuria mazishi ya Kiislamu popote pale, iwe ni Lamu, Unguja, Maskati au London, basi mmenusa harufu ya bidhaa iliyowafanya watu hawa wajulikane katika bandari za Bahari ya Hindi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Bidhaa hiyo ni kafuri, ambayo katika Kiswahili huitwa pia karafuumaiti. Habari yake itafuata, lakini kwanza tuwajue wenyewe.

Jina Batak hukusanya makundi sita makubwa, nayo ni Toba, Karo, Simalungun, Pakpak, Angkola na Mandailing. Kila kundi lina lugha yake na ada zake. Mtu wa Karo na mtu wa Toba wakizungumza kila mmoja kwa lugha ya mama yake hawaelewani kwa urahisi. Sensa ya Indonesia ya mwaka 2010 iliwahesabu kuwa watu wapatao milioni nane na nusu. Wengi wa Toba ni Wakristo, na karibu wote wa Mandailing ni Waislamu, ilhali miongoni mwa Karo na Angkola wapo wafuasi wa dini zote mbili. Swali linalowashughulisha wanahistoria, na ambalo wenyewe pia hubishana juu yake mpaka leo, ni hili: je, watu hawa wote wametoka katika shina moja? Na kama sivyo, ni nani aliyewaweka chini ya jina moja?

Katikati ya nchi yao limo Ziwa Toba, lenye urefu wa takriban kilomita mia moja na upana wa kilomita thelathini hivi, likiwa juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita mia tisa. Ndani ya ziwa hilo kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Samosir. Ziwa hili kwa hakika ni kinywa cha volkano iliyolipuka miaka ipatayo 74,000 iliyopita, mlipuko mkubwa kuliko wote unaojulikana katika muda wa miaka milioni mbili. Jivu lake lilipeperushwa mpaka Afrika Mashariki. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameligundua katika mashapo ya chini ya Ziwa Nyasa, lile linalopakana na Tanzania, Malawi na Msumbiji, na hawakuona dalili kwamba hali ya hewa ya huko iliharibika kwa sababu yake. Inafaa tutahadhari hapa, kwa kuwa wako wanaopenda kuuunganisha mlipuko huo na asili ya Wabatak. Hapana uhusiano wowote. Ulipotokea mlipuko, hapakuwapo mtu popote duniani aliyeweza kuitwa Mbatak, na makumi ya maelfu ya miaka yalipita kabla ya wahenga wao kufika.

Wahenga hao walifika kutoka wapi? Katika vitabu vingi vinavyosomwa huko Sumatra utakuta imeandikwa kwamba walitoka katika milima iliyoko mpakani mwa Burma na Thailand, wakasukumwa na maadui mpaka wakavuka bahari. Ni hadithi iliyoenea, lakini ushahidi wa lugha hauiungi mkono. Lugha za Kibatak zimo katika ukoo mkubwa wa lugha za Kiaustronesia, ukoo ambao wataalamu wengi wa isimu wanaamini kuwa ulianzia kisiwa cha Taiwan. Kutoka huko, kiasi cha miaka 4,000 au zaidi iliyopita, wakulima na mabaharia walianza kusambaa kupitia Ufilipino hadi katika visiwa vya Indonesia. Jamaa wa karibu wa Wabatak kwa upande wa lugha ni Wagayo wa Aceh pamoja na watu wa visiwa vya Nias na Mentawai, vilivyoko magharibi mwa Sumatra.

Ukoo huo umefika pia jirani kabisa na pwani ya Afrika Mashariki. Lugha ya Kimalagasi inayozungumzwa Madagaska ni tawi lake, na jamaa zake wa karibu wako kusini mashariki mwa kisiwa cha Borneo. Mtu wa Toba akihesabu tatu husema tolu, na Mmalagasi husema telo. Saba kwa Kitoba ni pitu, kwa Kimalagasi fito. Jiwe ni batu na vato, mwezi ni bulan na volana, mwaka ni taon na taona. Wenye masikio makini watatambua pia kwamba Wamalagasi hao hao humwita ng'ombe omby, neno walilolichukua kwa majirani zao wa Kibantu.

Wahamiaji hao hawakuikuta Sumatra ikiwa nchi tupu. Katika pwani ya kaskazini mashariki yamechimbuliwa marundo makubwa ya makombe yaliyoachwa na wavuvi na wawindaji walioishi hapo maelfu ya miaka kabla yao. Huko milimani nako, chavua ya mimea iliyohifadhika ndani ya matope ya vinamasi karibu na Ziwa Toba inaonyesha kuwa misitu ilikuwa ikifyekwa na watu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa hiyo, kilimo katika nyanda hizo ni cha kale mno, cha kale kuliko masimulizi yote ya koo tutakayoyataja sasa.

Masimulizi hayo yamo katika kile Watoba wanachokiita tarombo, yaani mti wa nasaba. Yanaanza mbinguni, kwa Mulajadi na Bolon, mwenye kuumba. Si Boru Deak Parujar, binti wa mbinguni, alishuka mahali ambapo palikuwa na bahari tupu, akatandaza ardhi juu ya maji, na joka kubwa liitwalo Naga Padoha likawa linaitikisa kutoka chini. Nchi ya Sumatra hutetemeka mara kwa mara, na wazee walikuwa na jibu lao. Kutokana na kizazi cha binti huyo alipatikana Si Raja Batak, aliyekaa katika kijiji cha Sianjur Mula-mula, chini ya mlima Pusuk Buhit, ufukweni magharibi mwa ziwa. Naye alipata watoto wawili wa kiume, Guru Tatea Bulan na Raja Isumbaon. Kutoka kwao zikagawanyika pande mbili za watu wa Toba, Lontung na Sumba, na kutoka katika pande hizo zikachipuka koo ambazo huitwa marga.

Marga ndiyo kitambulisho cha mtu. Hurithiwa kwa baba, huwa ni sehemu ya jina, na watu wa marga moja hawaoani. Wabatak wawili wakikutana ugenini, swali la kwanza huwa ni marga, kisha hufuata hesabu ya vizazi, na dakika chache baadaye kila mmoja amekwishajua amwite mwenzake kaka, mjomba au mwana. Mfumo mzima wa udugu huo huitwa Dalihan Na Tolu, maana yake mafiga matatu. Figa la kwanza ni ukoo wako mwenyewe, la pili ni ukoo uliokupa mke, ambao huna budi kuuheshimu, na la tatu ni ukoo uliooa kwenu, ambao kazi yake ni kukuhudumia katika shughuli zako. Aliyewahi kuinjika chungu juu ya mafiga hana haja ya kuelezwa kwa nini ni lazima yawe matatu.

Lakini je, Si Raja Batak aliishi lini? Koo kadhaa za Toba huhesabu vizazi vinavyokaribia au kuzidi kidogo ishirini tangu wakati wake mpaka leo. Tukikadiria kila kizazi kwa miaka ishirini na mitano au thelathini, tunapata miaka 500 au 600 tu. Hapa ndipo penye mgongano, kwani tumekwisha kuona kwamba watu walilima karibu na ziwa hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mzee aliyeishi karne ya 15 hawezi kuwa baba wa wote waliokuwapo kabla yake. Maoni yetu ni kwamba haifai kuisoma tarombo kama kalenda, na pia haifai kuitupa kama hekaya. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu ni nani ndugu ya nani, nani anaweza kumwoa nani, na nani ana haki juu ya shamba gani. Ukoo mgeni ulipokaribishwa, nao ulitafutiwa nafasi katika mti huo. Isitoshe, sura yake inayojulikana sana leo imetokana na maandishi ya karne ya 20, hususan kitabu alichokitoa W. M. Hutagalung mwaka 1926, wakati nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Wadachi.

Wapenzi wasikilizaji, ili kuujua ukale wa Wabatak inatubidi tuteremke kutoka mlimani hadi pwani ya magharibi ya Sumatra, katika mji mdogo uitwao Barus. Waarabu na Waajemi waliijua nchi hiyo kwa jina la Fansur, na kafuri ya Fansur ndiyo iliyohesabiwa kuwa bora kuliko zote. Mwanajiografia Ptolemaio, katika karne ya pili Miladia, alitaja visiwa vya Barousai, jina ambalo wataalamu wengi wanalihusisha na Barus. Kafuri imetajwa ndani ya Qur'ani Tukufu katika Surat al-Insan, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wema Peponi. Marco Polo, aliyezuiliwa na pepo huko Sumatra kwa miezi mitano karibu na mwaka 1292, aliandika kwamba kafuri ya Fansur huuzwa kwa uzito wake wa dhahabu.

Kafuri hiyo ilitoka katika miti mirefu ya msituni, nyuma ya Barus, katika nchi ya Wabatak. Si ute unaogemwa kwa kukata gome. Ni chembe nyeupe zinazojikusanya zenyewe ndani ya nyufa za shina, na hazimo katika kila mti. Mtafutaji alilazimika kuuangusha mti na kuupasua ndipo ajue kama amepata au amekosa, na mara nyingi alikosa. Ndiyo maana kazi hiyo ilizungukwa na miiko na tambiko, na ndiyo maana bei yake ilikuwa kali. Kafuri ya China na Japani hutoka katika mti wa jamii nyingine kabisa na ilikuwa rahisi zaidi. Siku hizi kafuri ya madukani hutengenezwa viwandani kwa wingi, lakini Waindonesia bado huviita hata vidonge vya kufukuzia nondo kabatini kwa jina la kapur barus, yaani kafuri ya Barus.

Pamoja na kafuri walishusha ubani. Katika nyanda za juu za Toba humea mti ambao utomvu wake mkavu ni ubani wenye harufu tamu, ule ambao Waarabu waliuita lubani jawi, kwa maana ya ubani wa nchi za Jawa, jina ambalo kwao lilijumuisha Sumatra pia. Mpaka leo kuna familia za wakulima katika wilaya za kusini magharibi mwa ziwa zinazoishi kwa kuugema. Na kwa upande wa pili, chumvi, nguo na chuma vilipanda mlimani kwa njia hizo hizo za miguu. Mtu wa mlimani hana bahari, na bila ya chumvi haishi.

Wachimbuzi wa Kifaransa na Kiindonesia, wakiongozwa na Claude Guillot, walichimba kuanzia mwaka 1995 mahali paitwapo Lobu Tua, karibu na Barus. Walikuta mabaki ya mji wa wafanyabiashara uliostawi tangu katikati ya karne ya 9 hadi mwishoni mwa karne ya 11. Ndani yake mlikuwa na vigae vya vyombo vya China, vioo na vyombo vya Ghuba ya Uajemi, pamoja na vitu vya kusini mwa India. Hapo hapo Lobu Tua, katika karne ya 19, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kitamili ya mwaka 1088 Miladia. Linataja chama mashuhuri cha wafanyabiashara wa Kitamili, kile cha Mia Tano, pamoja na ushuru uliotozwa kwa meli. Wakati huo huo Kilwa, Manda na miji mingine ya pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa ikipokea vyombo vya Uajemi na vya China, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba Barus na miji ya Waswahili ilikuwa ncha mbili za bahari moja.

Athari za Wahindi zilipanda mpaka milimani. Miongoni mwa Karo kuna ukoo mkubwa uitwao Sembiring, ambao matawi yake yana majina kama Colia, Pandia na Brahmana. Asomaye historia ya India Kusini atawatambua mara moja wafalme wa Chola na wa Pandya. Neno la Toba kwa ajili ya mungu, yaani debata, ni la Kisanskriti. Kusini zaidi, katika tambarare ya Padang Lawas, yamesimama mahekalu ya matofali ya madhehebu ya Kibudha yaliyojengwa kati ya karne ya 11 na ya 14. Huko ndiko wanahistoria wanakoiweka dola ya Panai, iliyoshambuliwa na jeshi la majini la mfalme Rajendra Chola mwaka 1025. Hata mwandiko wa Wabatak ni mjukuu wa herufi za India. Waganga wao, walioitwa datu, waliandika juu ya magome ya miti yaliyokunjwa kama kinanda cha mkononi, vitabu viitwavyo pustaha, vilivyojaa mambo ya utabiri, dawa na ulinzi wa kijiji. Kwa bahati mbaya kwa mwanahistoria, waganga hao hawakujishughulisha kuandika tarikh.

Kwa nini basi dunia iliwaona Wabatak kuwa watu waliojificha, wasiojua lolote la nje? Sababu moja ni sifa ya kutisha. Niccolò de' Conti, mfanyabiashara wa Venice aliyefika Sumatra katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, aliandika habari za nchi ya Batech, ambayo watu wake alisema hula nyama ya binadamu. Wengine wakarudia baada yake. Mwaka 1783 Mwingereza William Marsden alieleza katika historia yake ya Sumatra kwamba jambo hilo lilikuwapo kama adhabu ya makosa makubwa na kwa mateka wa vita. Hatuwezi kulikana kabisa. Lakini wako wanahistoria wanaoona kwamba habari hizo zilikuzwa kwa faida ya wengi. Madalali wa pwani hawakutaka mgeni apande mwenyewe kwenda kununua kafuri kwa bei ya msituni, na wenye msitu nao hawakuwa na haja ya kuwatembelea wageni. Hofu ilikuwa ukuta usiogharimu kitu.

Sasa turudi kwenye jina lenyewe. Daniel Perret, mwanahistoria wa Kifaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alionyesha kwamba mpaka baina ya Mbatak na Mmalai katika kaskazini mashariki mwa Sumatra haukuwa mgumu hapo kale. Mtu aliyeteremka pwani, akasilimu na kuzungumza Kimalai, aliweza kuhesabiwa Mmalai, na kizazi chake kikasahau marga. Katika Barus yenyewe walikuwapo watawala wawili kwa pamoja, mmoja wa upande wa juu wa mto, aliyehusishwa na nchi ya Wabatak, na mwingine wa upande wa chini, aliyehusishwa na Minangkabau. Leonard Andaya, aliyeandika mwaka 2002, anaona kwamba biashara hiyo iliyovuka kisiwa ndiyo iliyowasukuma watu wa Toba kushuka kila upande, na katika kukutana na wengine wakazidi kujitambua kuwa ni Wabatak.

Mpaka huo uliimarishwa katika karne ya 19. Majeshi ya Wapadri, wanamageuzi wa Kiislamu kutoka Minangkabau, yaliingia kusini, na Mandailing ikasilimu. Baadaye wamisionari wa Kijerumani walianza kazi, na Ludwig Nommensen aliyefika mwaka 1862 akawa maarufu kuliko wote miongoni mwa Toba. Wadachi nao wakaja na ramani zao, wakiwaandika watu wa milimani wote kuwa Wabatak. Mwaka 1853 mwanaisimu H. N. van der Tuuk alikuwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuliona Ziwa Toba, akakutana huko Bakkara na Singamangaraja, kiongozi mtakatifu wa Toba. Mwaka 1907, Singamangaraja wa kumi na mbili aliuawa na askari wa Kidachi baada ya vita vya karibu miaka thelathini.

Jina hilo halikupokewa na wote. Katika miaka ya 1920, mjini Medan, Waislamu wa Mandailing na wenzao wa Angkola waligombana vikali juu ya makaburi. Wamandailing walikataa kuzikwa katika makaburi yao mtu aliyejiita Mbatak, hata akiwa Mwislamu, na shauri likafika mbele ya mahakama. Wajukuu wa Wamandailing waliohamia Malaysia huhesabiwa huko kuwa Wamalai, na wengi wao hukasirika wakiitwa Wabatak. Miongoni mwa Karo nako wapo wanaosema kwamba wao ni Karo tu, na kwamba Si Raja Batak ni mzee wa Toba, si wao. Kwa upande mwingine, Mtoba aliyezaliwa Jakarta huenda Pusuk Buhit akapanda mlima na kuoga katika chemchemi zake, naye anajua pasi na shaka kwamba yuko kwao.